"Free rein" au "free reign": niandike ipi?

Zuhura_K: Wakuu, naomba msaada. Kwenye ripoti ya kazini niliandika "The team was given free rein", yaani timu iliachiwa ifanye itakavyo. Bosi kafuta "rein", kaweka "reign". Mtandaoni naziona zote mbili.

Mkalimani_Tanga: Yako ndiyo sahihi, dada. "Rein" ni hatamu, ile mikanda ya ngozi inayotoka kwenye lijamu mdomoni mwa farasi hadi mkononi mwa mpandaji. Wakifika penye mawe, mpandaji huilegeza. Farasi hunyoosha shingo, akachagua mwenyewe pa kukanyaga. Msemo umetoka hapo. "Reign" ni utawala wa mfalme, na g yake haitamkwi. Asili yake ni Kilatini, "regnum". Matamshi ni yaleyale, sawa hata na "rain" ya mvua, silabi moja tu. Sikio haliwezi kukusaidia.

JembeMoja: Mbona "reign" nayo inaingia akilini? Aliyeachiwa madaraka si ndiye anayetawala? Na Wamarekani wengi wanaiandika hivyo. Lugha hubadilika.

Mkalimani_Tanga: Nakuelewa mkuu. Hata sisi tunasema kushika hatamu za uongozi, na "Chama kushika hatamu" Watanzania wa zamani wanaikumbuka vizuri. Lakini mtawala ndiye anayeshika hatamu. Kwenye "free rein" anayezungumziwa ni farasi: kalegezewa, ila mpandaji bado yuko juu. Timu ya Zuhura imepewa uhuru, haijapewa kiti cha bosi. Kamusi za Oxford na Merriam-Webster zote zimeweka "free rein".

BiMwalimu: Naongezea sarufi, maana wanafunzi wangu huanguka hapo. Sema "give somebody free rein" au "give free rein to something". "A free rein" si kosa. Wingi uache kwa "take the reins", kushika uongozi. Kitenzi ni "rein in", "reined in", kudhibiti. Ukiandika "reign in spending" umeharibu kabisa, kwani ulitaka kubana matumizi, si kuyatawala.

Zuhura_K: Asanteni sana. Sasa bosi nimwambieje bila kumvunjia heshima?

BiMwalimu: Mpelekee rasimu pamoja na ukurasa wa kamusi, mwenyewe ataona. Akishikilia yake, andika "The team was free to choose its own methods". Maana haipotei.