Magunia, haidroponiki au tuta la bondeni: mpangaji achague nini?

Mpangaji Segerea
Habari za jioni wakuu. Uani kwetu pana nafasi ya kuegesha bajaji mbili, jua linapiga tangu asubuhi mpaka saa nane. Nimechoka kununua mchicha nisiojua umemwagiliwa maji gani. Nawaza mambo matatu: magunia, haidroponiki ya mabomba (kulima kwenye maji yenye virutubisho, bila udongo), au kukodi matuta ya jamaa mmoja Bonde la Msimbazi hapa Dar. Maji ya bomba ni ya mgao, kisima kipo ila kina chumvichumvi. Mngechagua kipi?

BintiTabata
Bondeni futa kabisa. Unakimbia mchicha usiojua maji yake halafu unaenda kuulima palepale? Mto Msimbazi unabeba maji ya vyoo na ya viwandani, na watafiti wameshapima mboga za huko wakakuta madini mazito kama risasi. Vijidudu utaviua kwa kupika, lakini risasi iliyopandia kwenye mizizi haitoki hata uchemshe mpaka kesho. Tena masika yakikolea, Jangwani kule bondeni kote ni maji, na matuta yako yamo.

FundiBomba
Haidroponiki mimi naifunga kwa watu, kwa hiyo sina sababu ya kuiponda. Inatumia maji kidogo kuliko udongo, haina magugu, saladi inatoka safi. Ila kwa hali yako ngoja kwanza. Mfumo wa mabomba unategemea pampu. Umeme ukikatika saa saba mchana mizizi inakauka muda si mrefu. Maji yakipata moto hewa inapungua, mizizi inaoza. Na kisima cha chumvi ndiyo kabisa, maana virutubisho vyenyewe ni chumvi, unaongeza juu ya chumvi.

MzeeWaMatuta
Kijana, chukua magunia. Changanya udongo, mchanga kidogo na samadi iliyokwisha kuoza. Ya kuku ikiwa mbichi inaunguza miche. Tafuta kopo la rangi, toa kitako, lisimamishe katikati ya gunia, jaza kokoto ndani na udongo nje, kisha livute juu, ujaze tena hivyo hivyo mpaka mdomoni. Ukimwagia kwenye ule mnara wa kokoto maji yanafika chini, siyo juu kulowe na chini kukauke. Toboa ubavuni matundu ya kupishana, ndimo miche inamokaa.

Juu panda mchicha, wiki tatu au nne unachuma. Ubavuni weka spinachi, inavumilia chumvi kuliko maharage au saladi. Matembele usinunue mbegu, omba marando kwa jirani, chomeka vifundo viwili vitatu kwenye udongo, basi. Maji ya mgao yakitoka, mwagia mengi yasukume chumvi chini. Gunia la sandarusi likikaa juani linachanika, kwa hiyo usidhani ni la kudumu.

BintiTabata
Na asiyaweke kwenye baraza la ghorofani bila kuuliza mwenye nyumba. Gunia la mchele la kilo 100 ukilijaza udongo uliolowa, uzito wake ni mwingine.

MamaKware
Mbona mnaisema haidroponiki kama ni lazima pampu? Mimi natumia ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Unatoboa mfuniko, mche unakaa kwenye kikombe, virutubisho chini. Maji yakishuka, mizizi ya juu inapata hewa yenyewe. Ndoo iwe ya rangi nzito, mwanga ukipita maji yanaota ukijani. Matundu uyazibe vizuri, mbu wa dengi wanapenda maji yaliyotulia, na 2019 jiji hili lilikiona cha moto.

FundiBomba
Kweli mama, hiyo ya ndoo inafanya kazi. Ila virutubisho bado ni vya kununua, na mchicha wa kuchuma na kupanda tena hauvirudishii gharama. Weka pilipili au basili, uuze.

Kijana_wa_Uyoga
Jua likiisha saa nane, ile kona ya kivuli weka uyoga mamama. Unaota kwenye maranda, na hayo hayakosekani kwa mafundi seremala.

Mpangaji Segerea
Nashukuru wote. Naanza na magunia manne na ndoo moja ya pilipili. Mzee, shikamoo, samadi ya ng'ombe huku Segerea inapatikana wapi?

MzeeWaMatuta
Marahaba. Ulizia wafugaji wa Kinyerezi, nenda na viroba vyako.