Bwawa la Rufiji limejaa. Kalenda ya maji inashikwa na nani?

Mleta mada:
Ndugu zangu, anayeendelea kubishania kama Bwawa la Julius Nyerere lilistahili kujengwa anapiga mbizi nchi kavu. Ukuta wenye kimo cha zaidi ya mita 130 umesimama, na mitambo yote tisa, kila mmoja wa megawati 235, ilikamilika mwaka 2025. Hata sisi tuliopinga mwaka 2018, ilipotangazwa zabuni ya kuvuna miti zaidi ya milioni 2.5 ndani ya Pori la Akiba la Selous, hatuna budi kuukubali ukweli huo. Mada yangu ni nyingine: maji yanayotoka chini ya ukuta ule yanafuata kalenda ya nani?

Mimi ni mzaliwa wa bondeni, na nitaeleza kilimo cha mlau kwa wasiokijua. Masika mto hupanda, hutoka kingoni na kufunika mabonde. Ukishuka, huacha tope jeusi ambalo mkulima hulipanda mahindi, kunde na maboga bila kungoja mvua nyingine wala kununua mbolea. Bibi yangu alikuwa akichomeka kidole cha shahada katika tope hilo, akakichomoa na kutazama: tundu likibaki wazi bila kujaa maji, siku ya kupanda imefika. Maji hayohayo huingiza samaki katika maziwa ya Ruwe, Utunge na Zumbi, na kupeleka udongo mpaka delta, kwenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, ambako kamba hukulia. Bwawa hufanya kinyume chake. Huyazuia maji ya masika, huyatoa mwaka mzima kwa kufuata mahitaji ya umeme, na sehemu kubwa ya udongo hutuama nyuma ya ukuta. Naomba hoja, si matusi.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, kidole cha bibi nakiheshimu, lakini usitupambie mafuriko. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda nchi ya juu kwa Operesheni Rufiji, na haikufanya hivyo kwa sababu mto ulikuwa mpole. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Wakati wa mgao wa mwaka 2023 nilikuwa nikiwasha jenereta kwa mafuta ya kukopa, mpaka vijana wangu wawili wakaacha kazi kwa kuwa siku nzima tulishinda tumekaa juu ya vyuma. Ziwa lote la kilomita za mraba zipatazo 1,200 ni chini ya asilimia tatu ya Selous ya zamani. Na masika ya mwaka 2024, Rufiji na Kibiti zilipofurika, shirika la umeme lilieleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Leo unataka wafungulie mafuriko kwa makusudi?

Mleta mada:
Ndiyo, fundi, nataka mafuriko ya kiasi, kwa siku zinazojulikana, na nitakueleza kwa nini nisingoje. Mtambo wa Kihansi wa megawati 180 ulipoanza kazi mwaka 2000, maji ya maporomoko yalipungua mno, na yule chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyegunduliwa mwaka 1996, anayezaa badala ya kutaga mayai, akakosa manyunyu aliyoyategemea. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, baadhi ya vyura wakapelekwa Marekani, na bado ilipofika mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu nao ulichangia. Waliorudishwa baadaye walitoka katika kizazi kilichotunzwa huko ughaibuni. Fungu la maji la chura lilitafutwa mitambo ikiwa tayari inazunguka. Kule lilikuwa korongo moja, likanyunyiziwa kwa mabomba. Delta ya Rufiji utainyunyizia kwa mabomba gani?

Gharama ipo, sikatai. Maji yanayomwagwa bila kupita mitamboni hayazalishi hata uniti moja, kwa hiyo kila siku ya mafuriko ya kupangwa ina bei yake. Bei hiyo ihesabiwe hadharani, kando yake iwekwe thamani ya mahindi ya mlau, samaki na kamba, kisha tubishane kwa hesabu. Na usidhani huku chini peke yetu ndio wenye hofu. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero, na mto Ruaha Mkuu, unaomwaga maji yake Rufiji, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993, kwa hiyo bonde la Kilombero likifuata njia ya Usangu, ambako maji ya Ruaha huchepushwa mashambani, hata mashine yako ya kuchomelea itakuwa mashakani.

Wakati wa mgao ulidai ratiba ya kukatika umeme mtaani kwako, siku na saa, na ulikuwa na haki. Aliye kwenye dungu lake katikati ya shamba anadai ratiba ya maji kwa haki ileile.

Mchangiaji:
Ratiba naiunga mkono, tena itangazwe redioni na misikitini, si mtandaoni tu. Mafuriko ya kupangwa bado sijayakubali. Sema kwanza ni siku ngapi, na mwezi gani.