Vidoa vya kutu kwenye Fielder nyeupe: puti moja kwa moja au kuna hatua kabla?

Mwani_Tanga:
Wakuu, habari za leo. Gari ni Corolla Fielder, nyeupe, namba ya rangi 040, inalala nje hapa Tanga, si mbali na bahari. Kutu iko sehemu tatu. Boneti imepigwa kokoto, kuna vitobo kadhaa vya milimita 2 hivi, ndani kahawia. Ukingo wa fenda ya nyuma, juu ya tairi, rangi imebanduka eneo la kama sarafu ya shilingi mia mbili. Chini ya mlango wa nyuma rangi haijabanduka ila imeota malengelenge matatu. Fundi anataka kupiga puti (uji mzito wa kujazia bati) sehemu zote na kumaliza kwa siku moja. Nimwachie, au nifanye mwenyewe taratibu?

Msasa_320:
Usimwachie. Puti juu ya kutu haizuii kitu. Inanyonya unyevu, na kwa hewa ya chumvi kama ya huko utaona rangi ikivimba tena pale pale. Halafu hizo ni kazi tatu tofauti.

Boneti ni rahisi. Osha kwa sabuni, kausha, futa kwa spiriti. Kunja kipande cha msasa namba 320 kiwe na ncha, kwangua ndani ya kitobo mpaka chuma king'ae. Tia tone dogo la praima ya epoksi (rangi ya msingi) kwa kijiti cha meno, ikauke, kisha rangi tabaka nyembamba tatu au nne. Usijaze kwa tone moja nene, maana juu hukauka kwanza na thina hubaki chini, baadaye rangi inabonyea. Ikishakomaa siku kadhaa, piga msasa wa maji namba 2000 uliokunjwa kwenye kipande cha mpira mgumu, umalizie na katingi (dawa ya kusugua na kung'arisha rangi).

Fenda inataka subira. Anza na namba 80, panua mpaka uone chuma safi pande zote za kidonda. Usitumie brashi ya waya ya grainda peke yake. Inasugua kutu mpaka ing'ae, ukadhani ni chuma. Ukimaliza angalia kwenye mwanga wa pembeni: vidoti vyeusi ndani ya chuma cheupe ni kutu iliyochimba. Ukiviacha hivyo, hapo ndipo itakapoanzia tena. Kisha 180, halafu 320, ukitanua kingo za rangi ya zamani mpaka kidole kisihisi ngazi. Eneo la sarafu litakuwa sentimita 8 hadi 10, usishtuke. Na pitisha mkono nyuma ya ukingo wa fenda. Bati limekunjwa pale na tope hukaa ndani ya mkunjo. Usiposafisha huko, umepaka upande mmoja tu.

BatiNene:
Naongezea kwenye vidoti vyeusi. Tumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, paka kwa brashi, iache muda ulioandikwa kwenye chupa bila kukauka. Kisha OSHA kwa maji, kausha haraka. Wengi wanapaka praima ya epoksi juu ya asidi iliyobaki, halafu inabanduka kama ganda, wanalaumu praima. Zipo dawa za aina nyingine ambazo hukauka na kubaki kama utando mweusi na hazioshwi, kwa hiyo soma maelezo kwanza.

Chuma kitupu kisilale. Siku ukikwangua, siku hiyo hiyo kipate epoksi mikono miwili, yaani tabaka mbili. Pwani usiku mmoja tu unatosha kuleta wekundu mpya.

Kuhusu puti: mafundi wengi huiweka juu ya chuma kitupu chenye mikwaruzo ya 80, na inashika. Mimi kwa gari la pwani naiweka juu ya epoksi iliyokauka na kupigwa msasa 180. Gramu 100 za puti, gramu 2 za hadna (dawa ya kuigandisha), na kwenye joto kali usizidishe, itaganda kwenye kibao. Kwa gari jeupe kuna sababu ya pili: hadna ikizidi hupenya juu na kuacha doa la njano kwenye rangi. Puti isuguliwe kavu, usitie maji.

Mwani_Tanga:
Asanteni sana. Rangi ya kopo la kupuliza itafaa, au lazima pistoli ya rangi? Na klia, ile tabaka angavu ya juu?

Msasa_320:
Kopo linatosha kwa fenda. Kwanza jaribu hivi: weka katingi kidogo kwenye kitambaa cheusi, sugua sehemu iliyo nzima. Kitambaa kikitoka cheupe, rangi yako haina klia, kwa hiyo nunua nyeupe ya 040 isiyohitaji klia. Kisipotoka rangi, basi klia ipo, na wewe utapaka klia.

Tepu usiibandike ikalala yote mpakani, itaacha mstari. Ikunje nyuma nusu ili ukingo ulegee. Sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye bati, mikono mitatu myepesi, dakika 10 hadi 15 katikati. Piga rangi jua likishapanda na umande umekauka, gari likiwa kivulini. Jioni au baada ya mvua, unyevu hugeuza rangi au klia kuwa ya maziwa.

Klia yenye hadna ina isosayaneti, hiyo ni sumu ya mapafu. Kitambaa puani si kinga. Kama huna vifaa vya kazi hiyo, waachie wenye navyo, au tumia ya kopo isiyo na hadna ingawa ni laini zaidi.

Pweza_Mweupe:
Malengelenge ya mlango hayajajibiwa. Bonyeza kila moja kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, bati limeliwa kutoka ndani, na hapo ni kukata na kuchomelea kipande, msasa hausaidii. Isipozama, bado chunguza ndani: toa kava la mlango, zibua matundu ya kutolea maji chini kabisa, mara nyingi yamezibwa na vumbi na majani. Maji yanayopita pembeni ya kioo yanakaa pale wiki nzima. Kausha, tengeneza nje kama fenda, kisha pulizia nta ya kuzuia kutu kwa ndani kwenye mkunjo wa chini. Nta iwe ya mwisho, baada ya rangi. Ukitangulia kuipuliza, itachuruzika kwenye mshono na rangi haitashika.

Mwani_Tanga:
Nimebonyeza. Mawili magumu, moja limezama.

Pweza_Mweupe:
Basi mlango uende kwa mchomeleaji kwanza, kabla hujanunua rangi. Mwambie aache matundu ya maji wazi.