Supu ya sukuma wiki na soseji za kuku bila viazi: iwe nzito kwa kutumia nini?

jiko_dogo:
Wakuu, salama? Nataka supu ya mboga za majani na soseji ya watu wanne, wanga uwe mdogo. Viazi na unga wa ngano vitoke kabisa. Ila bila hivyo supu inabaki maji matupu, soseji zinavimba na kulegea kama mkate uliolowa, na sukuma wiki inageuka kahawia. Tena, soseji ya kuku si nyama tupu?

chumvi_kiasi:
Si nyama tupu, mkuu. Geuza pakiti usome nyuma. Soseji nyingi za bei nafuu hujazwa unga wa mkate au wanga wa mahindi, na huo ndio unaonyonya maji zikichemshwa muda mrefu. Kabohaidreti (ndio wanga) gramu 2 au 3 kwa kila gramu 100 ni sawa. Ikifika 8, rudisha dukani kwenye friza. Mafuta yawe chini ya gramu 10. Neno "kuku" peke yake lisikudanganye, ngozi nayo husagwa humo.

Uzito utaupata kwenye koliflawa. Gramu 400 zina wanga wa gramu 20 hivi. Viazi kiasi hicho hicho vinakaribia 70.

Andaa soseji gramu 300, koliflawa gramu 400, sukuma wiki gramu 400 baada ya kutoa vikonyo, kitunguu maji kimoja kidogo, saumu punje 4, tangawizi kidogo, na lita 1.2 za mchuzi wa mifupa ya kuku ulioenguliwa mafuta.

Kata soseji vipande vya sentimita 1 zikiwa bado na ubaridi wa friza, zikilainika kabisa zinapondeka. Zikaange kwa kijiko kimoja cha mafuta, moto wa wastani, dakika 6 hadi 8, mpaka ziive ndani, kisha zitoe. Moto mkali unapasua ngozi kabla katikati hapajaiva. Sufuria usiioshe! Ule ukoko wa kahawia ndio ladha. Kaanga humo kitunguu, saumu na tangawizi, mimina mchuzi, tia koliflawa, chemsha dakika 15. Chota vikombe viwili vya koliflawa pamoja na mchuzi wake, saga, rudisha. Blenda isizidi nusu, na mfuniko uache upenyo wa mvuke, juu weka kitambaa. Ukiubana, supu ya moto itakurukia.

Chumvi onja mwisho kabisa, soseji zina yake ya kutosha. Viungo vya mchuzi vya pakiti achana navyo, ni chumvi na mara nyingi wanga juu yake.

majani_mabichi:
Kuhusu rangi: sukuma huharibiwa na asidi na muda. Majani yenyewe hutoa asidi yakichemka, na ukifunika sufuria inabaki humo humo. Nyanya inaongeza. Kwa hiyo kata nyembamba, milimita 3 hivi, tumbukiza supu ikitokota kwa nguvu, usifunike, dakika 5 au 6. Soseji zirudi dakika 2 za mwisho. Limau kila mtu akamulie kwenye bakuli lake.

Mchicha unafaa pia, ila dakika 2 tu. Magadi usiweke: kijani kitabaki, lakini majani yanarojeka na vitamini C inapotea.

jiko_dogo:
Nimekupata. Na tui la nazi badala ya koliflawa?

chumvi_kiasi:
Wanga wake ni mdogo, lakini mafuta ni mengi, kwa hiyo ile faida ya soseji yenye mafuta machache inapotea. Ukilitaka, nusu kikombe cha tui zito, mwishoni, moto mdogo, likitokota litakatika. Bamia 6 zilizokatwa nyembamba nazo zinaleta uzito, kama mlenda hauwakeri.

majani_mabichi:
Kama kuna anayetumia insulini au glibenclamide (vidonge vya kisukari), aongee na daktari kuhusu dozi kabla ya kupunguza wanga, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Wa warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) naye asile majani mengi ghafla, yana vitamini K nyingi. Kiasi cha majani anachokula kisipande na kushuka.