Naombeni ushauri: mkusanyo wa mapumziko, nifuate mtindo gani?

Pindo_Jipya: Wakuu, habari zenu. Nina lebo ndogo ya nguo tayari, naandaa mkusanyo wangu wa kwanza wa mapumziko, ule wanaouita rizoti au kruzi. Kila nikitazama naona milia ya kibaharia, kitani cheupe, kaftani, krosheti, suruali bwanga. Usingizi sipati. Nifuate kipi?

Mkasi Mkali: Usifuate chochote. Anayekimbiza mitindo hana mtindo.

Uzi_na_Sindano: Mimi napenda sana kruzi! Zilikuwa nguo za matajiri wanaokimbia baridi. Siku hizi maonyesho yenyewe ni safari, nyumba kubwa za mitindo huyapeleka mbali: Chanel Havana kule Kuba 2016, Louis Vuitton Niterói kule Brazili mwaka huohuo, Dior Marrakech kule Moroko 2019 na vitenge vya kiwanda cha Uniwax kutoka Abidjan. Yale ya Dior niliyarudia mpaka nikaunguza wali. Ila usidhani ni za ufukweni tu, humo mna makoti na sweta pia.

Mama Vishikizo: Mwanangu, mzigo unaingia dukani lini?

Pindo_Jipya: Hilo bado najipanga, mama. Tumalize mitindo kwanza.

Mama Vishikizo: Lini?

Pindo_Jipya: Machi. Kiwanda kina foleni. Na kitani cheupe nimeshatoa advansi. Lakini kitani hakipitwi na wakati, watu watanunua tu.

Mama Vishikizo: Kumbe umeshachagua. Sikia basi. Mapumziko huonyeshwa Mei na Juni, dukani huingia kuanzia Novemba hivi. Utamu wake ni kukaa kwenye rafu miezi mingi kwa bei kamili kabla ya punguzo la katikati ya mwaka. Ukiingia Machi unakuta nguo za machipuko za kila lebo zimeshapangwa, na punguzo linakaribia. Milia au kaftani, haitakuokoa.

Mkasi Mkali: Vijana mnapenda njia ya mkato. Kalenda kwanza, kitambaa baadaye.

Pindo_Jipya: Si njia ya mkato, mkuu. Bei ya kitambaa ilikuwa nzuri, ningeiacha?

Bwana Rula: Chai hii. Mwenye lebo gani hajui Novemba? Huyu ana kazi ya chuo, anatuchota majibu.

Pindo_Jipya: Chuo gani kinachotoza advansi ya kitambaa? Sina sababu ya kudanganya.

Uzi_na_Sindano: Hata kama ni chai, jibu la Mama nimelihifadhi. Nami nina mzigo.

Mama Vishikizo: Mimi namjibu kama mkweli. Mwanangu, shona nusu, iuze kama nguo za kiangazi na wenye maduka uwaambie hivyo. Nusu iweke mpaka Novemba ijayo. Kitani cheupe kitarudi tu.

Pindo_Jipya: Nusu haiwezekani, mama. Fundi ameshakata chote.

Bwana Rula: Advansi tu, foleni kiwandani, na kitambaa chote kimeshakatwa? Weka picha.