Kablanketi, soya njano au maharage ya kutambaa: lipi lifae bustani ndogo ya nyumbani?

Bustani_Mbeya: Ndugu wanajukwaa, nina eneo dogo nyuma ya nyumba ambalo nataka kulima maharage makavu ya mbegu za asili, yale ambayo mtu huvuna, hula na kubakiza mbegu ya msimu ujao bila kwenda dukani. Ninazo kablanketi, soya njano (maharage ya njano, si soya halisi), na maharage ya kutambaa kutoka kwa ndugu zangu wa Rungwe. Nafasi haitoshi zote tatu. Mngeanza na ipi?

Mama_Shamba: Kwa upande wa chungu, kablanketi haina mpinzani: huiva upesi, kuni hazipotei, na mchuzi wake ni mzito hata bila nazi. Udhaifu wake uko shambani, kwani hushambuliwa kwa urahisi na magonjwa ya majani. Ukiipanda, acha sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo, ili hewa ipite. Wala usipalilie majani yakiwa na umande, maana mikono na nguo hubeba vimelea vya chule na kutu kutoka mche hadi mche.

Wa_Musanze: Mimi niko kaskazini mwa Rwanda, na huku kwenye baridi na ardhi finyu maharage ya kutambaa ndiyo yanayotulisha. Katika eneo lilelile huzaa kuliko maharage mafupi, kwa kuwa hukua kwenda juu. Gharama yake ni miti: kila shina lahitaji mti wa takriban mita mbili, usimikwe mapema kabla mche haujaanza kutambaa. Pia hukawia kukomaa, na maganda hukauka kwa zamu, hivyo utachuma mara kadhaa. Kwa bustani ya nyumbani hilo naliona faida.

Mama_Shamba: Faida kama mvua imekwisha, ndugu yangu. Ganda lililokauka likinyeshewa, mbegu huota humohumo au huota ukungu. Mbeya, kablanketi ikipandwa mwishoni mwa Februari au mapema Machi hukaukia kwenye kiangazi.

Bwanashamba_Mstaafu: Naongeza kuhusu mbegu, ambako wengi hupuuza. Maua ya maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo aina mbili zilizotengana hatua chache huchanganyika kwa nadra sana. Mahindi hayana uungwana huo. Hata hivyo chule na virusi vya batobato husafiri ndani ya mbegu. Chagua mashina ya mbegu yangali mabichi, yenye majani safi pekee, na uyafunge uzi. Baada ya kuanika, tia maharage kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, kisha subiri robo saa: chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Fukusi huanza kutaga mayai kwenye maganda yakiwa bado shambani, basi usichelewe kuvuna, na hifadhi mbegu katika dumu lililojaa hadi shingoni na kufungwa barabara, ili wadudu wakose hewa.

Bustani_Mbeya: Nashukuru. Kablanketi itakaa katikati, na ya kutambaa nitaipandisha kwenye uzio. Soya njano itasubiri.

Wa_Musanze: Hakikisha uzio huo uko kusini mwa kablanketi. Kuanzia Aprili hadi Agosti jua la Mbeya hupita upande wa kaskazini, na kivuli kitaanguka nje ya bustani.