Mzee ana pumu na COPD kwa pamoja, inhela ya bluu haimtoshi tena

MtotoWaPongwe
Wakuu, naomba msaada. Mzee wetu ana miaka 67, tuko Pongwe hapa Tanga. Alifanya kazi kwenye korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, chumba cha brashi ambako nyuzi husuguliwa, na sigara kaacha juzi tu. Pumu anayo tangu ujanani. Sasa daktari kasema ana pumu na COPD pia, ule ugonjwa sugu wa mapafu wa kuziba njia za hewa. Inawezekana vyote viwili? Inhela ya bluu anapuliza mara sita, saba kwa siku na kifua bado kinapiga filimbi.

Tabibu Makorora
Pole kwa kuuguza. Inawezekana kabisa. Vumbi la brashi na moshi wa sigara huharibu njia za hewa zisirudi zilivyokuwa, halafu pumu inazibana juu ya hapo.

Kipimo ni spirometa, mashine ya kupima pumzi. Anapuliza, anapewa mipulizo 4 ya salbutamol, ndiyo dawa ya inhela ya bluu, anasubiri dakika 15, anapuliza tena. Hewa ya sekunde ya kwanza ikibaki chini ya asilimia 70 ya hewa yote aliyotoa, hata baada ya dawa, njia zimeziba kwa kudumu. Na kama hiyo ya sekunde ya kwanza imepanda kwa asilimia 12 na mililita 200 au zaidi, dalili ya pumu nayo ipo. Kama hajapimwa hivyo, ulizeni hospitali ya Bombo.

Bluu inafungua kifua kwa saa 4 hadi 6 tu, uvimbe wa ndani haiugusi. Anahitaji inhela ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe huo, kila siku, hata akiamka mzima: beclomethasone, au budesonide iliyochanganywa na formoterol. Hapa ndipo wengi hukosea. Mwenye COPD peke yake anaweza kuandikiwa dawa ya kufungua ya muda mrefu bila steroidi. Mwenye pumu ndani yake, hapana, ni hatari. Kwa hiyo kila zahanati aseme ana yote mawili, tena kabla hajapewa propranolol ya presha au diclofenac ya magoti, maana zinaweza kumbana.

Mfamasia Ngamiani
Kabla ya kulaumu dawa, mtazameni anavyopuliza. Wengi hubonyeza wakiwa wameshamaliza kuvuta, dawa inaishia kooni. Atikise, atoe pumzi yote, abonyeze mara moja huku anavuta polepole, abane pumzi hadi hesabu ya 10. Mpulizo wa pili baada ya nusu dakika, akitikisa upya. Akitumia ya steroidi asukutue na kutema, la sivyo utando mweupe utamwota mdomoni.

Kutikisa kopo usikie kama limeisha ni kujidanganya: gesi hubaki wakati dawa imekwisha. Lenye mipulizo 200, akitumia 2 asubuhi na 2 jioni, ni siku 50. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya maka.

MtotoWaPongwe
Asante sana. Kweli anavuta kwa pupa. Spesa, ile chupa ya kupitishia dawa kati ya inhela na mdomo, dukani hatujaipata.

Mfamasia Ngamiani
Chupa ya maji ya nusu lita inatosha. Pinda waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, upashe moto, utoboe kitako cha chupa, kisha chomeka inhela plastiki ikiwa bado ya moto ili ikae bila upenyo. Osha kwa maji ya sabuni, iache ikauke yenyewe. Ukiisugua kwa kitambaa, dawa itanata kwenye kuta za chupa. Mzee aweke mdomo wa chupa kinywani, mpulizo mmoja, avute na kutoa mara 5 au 6.

Nesi Chumbageni
Niongezee la dharura, maana hapa watu wanapotea. Akibanwa ghafla: bluu mipulizo 4 hadi 10 kupitia chupa hiyo, kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, huku mnatafuta usafiri. Hawezi kumaliza sentensi, midomo inageuka rangi, au anasinzia ovyo, msingoje hata hizo dakika 20.

Mkifika, mtajieni mhudumu COPD kabla hajafungua oksijeni. Kwa wagonjwa hawa oksijeni ya damu, ile inayosomwa na kipimo cha kidole, huwekwa kati ya asilimia 88 na 92. Ikizidi, hewa chafu inaweza kujaa kwenye damu na mgonjwa akalala usingizi usio wa kawaida.

Na jiko la kuni lihamie uani, upande ambao upepo hauurudishi moshi chumbani kwake.